Mabua Makavu Yasikatwe

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, na nayaamkia pia magoti yako, maana nasikia siku hizi ndiyo yanayoamua kama utatoka nje au utashinda ndani. Natumaini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na kwamba shemeji bado anajifanya haoni unapojiongezea sukari kwenye chai. Sisi huku ni wazima wa mwili, ukiuweka pembeni mgongo wangu, ambao baada ya maisha mazima ya kuinamia cherehani umeamua kubaki umeinama hata nikisimama.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini kwenye simu wewe hunijibu "eti?" mpaka majirani wanazijua habari zetu zote, na mimi siwezi kupaza sauti kwa sababu wifi yako huwa yuko karibu. Ninayotaka kukuambia yanamhusu yeye, na yanakuhusu wewe pia, na yanataka mtu akae kitako ayasome polepole. Kwa hiyo tafuta miwani yako, usisome kwa kubahatisha.

Tena kabla sijasahau. Juzijuzi nilikuwa napanga vipande vya vitambaa pale karakana, nikakumbuka kile kitambaa chako cha kichwa, cha bluu, nilichokushonea pindo kwa mkono nilipokuwa bado najifunza kazi. Ulikuja kuniona hospitali nilipovunjika mguu, ukiwa kichwa wazi, nikakuuliza kiko wapi, ukaniambia kimepeperushwa na upepo. Nilinuna siku nyingi kwa sababu pindo lile lilikuwa la kwanza kunyooka. Siku hizi nakifikiria sana kitambaa hicho, na utaona kwa nini.

Sasa habari za wifi yako. Ulipokuja mara ya mwisho alikutambua, ingawa alikuuliza habari za watu waliokwisha kufariki. Baadaye majina ya vitu yakaanza kumtoroka. Kijiko kikawa "ile ya kuchotea", mlango ukawa "pale pa kupitia". Tulikuwa tunacheka, yeye akiwa wa kwanza, maana unamjua kwa mzaha. Kisha asubuhi moja alinikuta uani namwagilia, akanisalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mtu mgeni, akaniuliza ni nani aliyenileta. Nilicheka nikidhani ndiyo mizaha yake. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya bustani, nikasema kidogo tu. Akasema si neno, nitajifunza, na kwamba mumewe fundi akirudi jioni kutoka karakana tutaelewana naye.

Ndivyo nilivyoajiriwa nyumbani kwangu, dada.

Mwanzoni nilijaribu kumrekebisha. Nilimletea picha ya harusi yetu, nikamwonyesha uso wangu na uso wa yule bwana harusi. Aliitazama vizuri, akasema mumewe alikuwa kijana mtanashati kweli, halafu akashtuka na kutaka kujua mtunza bustani ameipataje picha ya ndani kwake. Akaogopa mpaka akatetemeka. Akaificha picha mahali ambapo mpaka leo sijapaona, na mimi sikujaribu tena. Binti yetu, ambaye kama unavyojua ni muuguzi na hawa wagonjwa anawazoea, aliniambia nisimvute mama yake kwa nguvu mahali asipoweza kufika. Akasema niingie kwa mlango ule aliouacha wazi. Mlango wenyewe ulikuwa huo wa bustani, basi nikaingia.

Lakini binti yetu naye ana lake. Anataka kumchukua mama yake akaishi naye kule ghorofani kwake, ghorofa ya juu kabisa, ambako udongo pekee ni ule unaoingia na viatu. Anaona ninachakaa, na hakosei. Tulikubaliana kwamba ataniachia mama yake maadamu anakula kwa mkono wangu na anakubali niwe karibu. Siku atakayonikataa, hapo hakuna mjadala. Nilikubali bila kusita, nikijua kwamba mwanamke huyu hajawahi kunikataa tangu ujana.

Unalikumbuka lile tuta la maua pembeni mwa ukuta wa jiko? Lile ambalo sikuwahi kulipenda? Ni maua ya porini tu, yale ya rangi ya chungwa, yanayokaa kwenye shina kama pete zilizopangwa moja juu ya nyingine. Yakichanua, uani hapakaliki. Nyuki wanavuma tangu jua linapochomoza, na vile vindege vyenye midomo iliyopinda vinagombana juu ya kichwa chako. Hilo lilikuwa si baya. Kilichonikera mimi ni kiangazi. Kiangazi maua yale hufa mpaka chini, yanabaki mabua makavu yamesimama ovyo, mengine yameinama, mengine yamevunjika nusu. Mimi ni mtu wa mstari ulionyooka. Kila mwaka nilimwomba niyakate, na kila mwaka alinijibu vilevile, kwamba mabua makavu yasikatwe mpaka mvua inyeshe. Nikimuuliza sababu, alisema yana wenyewe. Nilichoka kubishana, nikawa nageuza kiti changu kikatazama upande wa pili.

Sasa basi, nimekuwa mtunza bustani, nataka kumpendeza tajiri wangu. Unajua mfanyakazi mpya anavyojipendekeza. Siku moja alipolala baada ya chakula cha mchana, nilichukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa, ule ambao hata binti yetu hakuruhusiwa kukatia karatasi, nikayakata mabua yote usawa wa ardhi. Nikaona haitoshi. Nikachimbua na mizizi ya ukingoni ili tuta linyooke. Ilikuwa mizizi myeusi, migumu, nikajua imekufa siku nyingi. Nikasomba kila kitu nikarundika getini kungoja gari la taka. Tuta likabaki safi kama nguo iliyotoka kupigwa pasi, nami nikakaa nikilitazama kwa mara ya kwanza bila kugeuza kiti.

Alipoamka alitoka na kikombe chake cha maji. Alisimama. Alikiweka kikombe chini, akapiga magoti, akaanza kugusa vile visiki kimoja kimoja kwa kidole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kisha akalia. Dada, nimeishi na mwanamke huyu ujana na uzee wangu, nimemwona akizika wazazi wake wote wawili, sijawahi kumwona akilia vile. Nilisimama pale na mkasi mkononi, sijui niutupe wapi. Alipomaliza alijifuta uso, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kazi yangu imekwisha, nichukue vitu vyangu niende. Nilimwomba msamaha. Akasema ni afadhali niwahi kuondoka kabla mumewe hajarudi, kwa sababu mumewe anayapenda mno maua yale na akiona nilichofanya ataniumiza.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilishindwa vyote viwili. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Nilibisha, hakufungua. Chakula nilichomwachia mlangoni hakukigusa. Ikabidi jirani yetu muoka mikate ndiye amwingizie uji, na mimi nikahamia karakana, nikawa nalala juu ya meza ya kukatia nguo, nimejifunika suti ya mteja ambaye namshukuru kwa kuchelewa kuja kuichukua. Binti yetu alipopiga simu, jirani ndiye aliyepokea, na jirani yule hana siri hata ya dakika moja. Binti akaniambia, sauti yake ikiwa ya kiuguzi kabisa, kwamba mwisho wa juma anakuja na gari kumchukua mama yake. Tulikuwa tumekubaliana.

Hapo nilifanya jambo ambalo utalicheka. Nilinyoa ndevu zangu, hizi hizi ulizokuwa unasema zinanifanya nionekane hakimu. Nikaazima ovaroli ya fundi seremala wa mtaani na kofia yake ya ukindu, nikaenda kwenye geti langu mwenyewe, nikabisha hodi na kuomba kazi. Alinitazama kwa ufa wa mlango muda mrefu. Moyo ulinienda mbio kuliko siku nilipokwenda kwao kuposa. Akaniuliza kama nawajua nyuki. Nikasema ukweli, kwamba siwajui hata kidogo. Akasema vizuri, maana yule aliyetangulia alijifanya anajua kila kitu. Akafungua.

Gari la taka lilikuwa bado halijapita. Miaka yote nimelilaani gari lile kwa uvivu, siku hiyo nililibariki. Kazi yangu ya kwanza ikawa kuyarudisha mabua yote uani, moja baada ya jingine, bila kuyavunja. Mizizi niliyoichimbua alinikwangulia mmoja kwa ukucha, chini ya ule weusi pakawa pabichi, akaniamuru niifukie palepale nilipoitoa. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akachukua bua moja lililokuwa limepasuka tayari, akalifungua mbele ya macho yangu. Ndani mlikuwa na vyumba, dada. Vyumba vidogo vilivyotengwa kwa kuta, na katika kila chumba punje ya unga wa maua wa manjano, na juu ya unga kitu cheupe kimejikunja, kimelala.

Alinieleza kwamba kuna nyuki mdogo mweusi ambaye hana mzinga wala malkia wala majirani. Ni mama peke yake. Hutoboa ndani ya bua, huweka yai na chakula cha kumtosha mtoto, huziba, kisha hufa bila ya kumwona mtoto wake akitoka. Mtoto hulala humo kiangazi chote mpaka mvua. Anayekata mabua na kuyachoma anachoma watoto waliolala. Haya yote aliyasema bila kukosea hata neno moja, mtu ambaye asubuhi ileile alikuwa amelikosa jina la kijiko. Nikaelewa maana ya lile neno lake, yana wenyewe, nikaona haya kwa kile kiti changu nilichokuwa nageuza.

Akasema bado tunaweza kuwaokoa, tukiyafunga mabua mafungu mafungu na kuyaning'iniza chini ya upenu wa jiko, mahali pakavu panapopata jua la asubuhi. Nikatoa uzi mfukoni nikaanza kufunga. Mikono yangu inajua fundo moja tu, lile la ushonaji, la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini. Alikuwa anatazama vidole vyangu. Akasema mumewe naye hufunga hivyohivyo.

Aliniuliza kama namfahamu, nikasema kidogo. Akasema ni mtu mwema, ila anasumbua sana kwa mambo ya kunyoosha mistari. Kisha akasogeza kigoda karibu, akasema kwa kuwa naonekana mtu wa kutunza jambo, ataniambia maua haya yalitoka wapi, lakini nimwapie kwamba sitamwambia mumewe. Nikaapa. Mungu ananijua, niliapa.

Dada, wewe unayajua yale aliyoniambia, kwa sababu ulikuwepo.

Mimi nilikuwa nimelala hospitali, mguu umening'inizwa, mtoto wetu wa kwanza alipopata homa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Mlimzika bila mimi. Nilipotoka nilikuta godoro lake halipo na wifi yako anafagia chumba. Nikaelewa yaliyotokea. Sikuuliza kitu, naye hakusema kitu. Nilijiambia kwamba amejikaza, ameamua kusahau ili aweze kuishi, na kwamba mume mwenye huruma hawezi kumfungulia kidonda. Nikanyamaza kwa ajili yake. Mwaka baada ya mwaka nikanyamaza. Kila mteja aliponiletea kazi ya gauni dogo nilimpimia mtoto wangu kichwani, nikimwongezea urefu kadiri miaka ilivyokwenda, mpaka nikafika kwenye gauni la bibi harusi. Niliamini namkumbuka peke yangu.

Naye alimwambia mtunza bustani hivi. Kwamba baada ya mazishi alirudi kaburini na wifi yake. Kwamba pembeni ya kaburi palikuwa na ua la porini limekauka, akalia akisema hata ua limekufa. Wifi yake akachukua kijiko alichokuwa nacho kwenye mkoba, akafukua, akamkwangulia mzizi kwa ukucha, akamwonyesha ubichi. Wakachimba kipande. Hawakuwa na cha kubebea, wifi yake akavua kitambaa cha kichwa, cha bluu, wakakifunga mle. Akakipanda kwenye kopo la rangi mlangoni pa kile chumba chetu cha kupanga, ndilo lile kopo ambalo tulipohama alikataa kupanda gari mpaka alione limepakiwa. Mumewe alipouliza, alimwambia ni ua tu. Alisema mume huyo akiumia halii, hushona tu, usiku na mchana, na kwamba aliogopa akilitaja jina la mtoto atamvunja vibaya kuliko ule mguu. Kwa hiyo akanyamaza kwa ajili yake. Lakini kila asubuhi wakati wa kumwagilia aliongea na mtoto, akimwita kwa jina lake.

Akalitaja jina hilo. Sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu tangu siku zile. Sitaliandika hapa, wewe unalijua.

Kwa hiyo upepo haukuhusika, dada. Nisamehe kwa kukununia.

Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi, kwamba mumewe yuko hapa na ana uzi mkononi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikakumbuka ile picha ya harusi na jinsi alivyotetemeka, nikayameza. Nilisema tu kwamba nadhani mumewe angefurahi kujua. Akasema pengine, siku moja, akipata nguvu.

Binti yetu alipofika na gari alitukuta tunaning'iniza fungu la mwisho, mama yake akila kwenye sahani yangu na kunigombeza kwa kufunga upande. Alisimama getini akitutazama, mimi na ovaroli yangu, kisha akamwambia dereva ageuze. Akatuachia mpaka mvua ziishe.

Mvua zimenyesha. Nyuki wametoka, wadogo weusi, wanachungulia kwenye tundu la bua kabla ya kuruka. Machipukizi nayo yametoka katikati ya visiki, na hata kwenye ile mizizi ya ukingoni kuna mmoja umeamka, mingine niliiua kweli. Nilimwita aje aone, akaja, akapiga makofi. Na mimi, kwa tamaa ya kulisikia tena lile jina, nikamuuliza maua haya yalitoka wapi.

Akasema hajui, labda ndege walileta mbegu. Nikamuuliza kuhusu kitambaa cha bluu. Nikamuuliza kuhusu kijiko. Alicheka kwa adabu, akaniambia nipunguze maneno niongeze maji. Nimeutazama uso huo maisha yangu yote, dada, najua unapoficha jambo. Haukuficha kitu. Nilidhani amemsahau mtoto wetu wakati alikuwa anazungumza naye kila asubuhi hatua chache kutoka kitandani kwangu, na sasa ninapojua, ndipo amemsahau kweli. Inauma, sitakudanganya. Inauma kiasi kwamba nashona ili nisilie, kama alivyosema.

Ndiyo maana nakuandikia. Sijawahi kufika pale kaburini. Kwanza ulikuwa mguu, baadaye hofu, kisha kule kunyamaza kukawa ndiyo desturi yetu. Aliyekuwa anapajua mbali na wewe ni yeye, na yeye hapajui tena. Umebaki wewe peke yako. Nakuomba uje, na magoti yako hayohayo, binti yetu atakufuata kwa gari. Utupeleke wote wawili. Yeye sitamwambia chochote cha kumtia hofu. Nitasema tunakwenda kuchimba mizizi ya kuziba pale nilipoharibu ukingoni, na hilo atalikubali upesi, kwa mizizi hajambo. Wewe njoo na kijiko. Mimi nakushonea kitambaa kingine, cha bluu, pindo kwa mkono.

Ila ukifika, usiniite Mkasi, lile jina langu la utani, mbele yake, wala usiniite mdogo wako. Bisha hodi useme umekuja kuomba mche wa maua. Atakukaribisha kwa moyo wote, atakuonyesha tuta, halafu atanitambulisha kwako. Nakuomba usilie hapo. Nipe mkono kama unavyompa mtu usiyemjua.

Msalimie sana shemeji, na wajukuu wote, hasa yule mtundu aliyeniibia chaki ya kuchorea nguo. Jirani muoka mikate anakusalimu na anasema habari zote anazo, ukitaka kumtembelea. Wifi yako angekusalimu naye kama angejua nakuandikia nani. Yuko uani sasa hivi, ananiita, anasema maua yana kiu na mimi nimekaa tu naandika.

Ni mimi,

Mtunza bustani.